Shika Kumi

Jumatatu, Machi 4

Binti yangu amepoteza hesabu. Jumatatu ya wiki iliyopita aliondoka nyumbani asubuhi akiwa nayo, moja hadi mia bila kumeza mate. Ijumaa mchana alirudi hana. Naandika tarehe kwa sababu jambo lisilo na tarehe watu hulikana, nami nimeshakanwa vya kutosha na wateja wanaosema, "Sikukuambia dirisha la upana huo."

Ana miaka mitano. Mdogo wangu, ambaye tunafanya kazi pamoja hapa karakanani, alimbandika jina la Kasuku tangu alipokuwa na miaka mitatu, maana alikuwa akipanda juu ya kasha la vioo na kuimba namba kama mtu aliyekodiwa. Wateja waliokuja kuchukua kioo cha kabati walikuwa wanakaa kumsikiliza. Mmoja aliwahi kuniuliza mtoto anasoma shule gani. Nikamjibu, shule ya meza hii. Mimi niliishia darasa la nne. Kila namba niliyo nayo nimeipata kwenye kioo, na kioo hakina msamaha, ukikosea kinakukosoa hapo hapo na kukukata juu yake. Mtaa mzima unaniita Mama Vioo, na jina hilo sikupewa na mume wala baba.

Sasa nimempeleka chekechea aongeze, yeye amepunguza. Ukimwambia hesabu, anatazama vidole vya miguu. Nimemuuliza nani kamfanya nini. Hakuna. Nimemuuliza wamesoma nini.

"Tumecheza," akasema.

Jumanne, Machi 5

Mvua imeanza. Hajahesabu.

Ijumaa, Machi 8

Nimekwenda kuona kwa macho yangu. Madirisha ya chekechea ile niliyaweka mimi mwaka juzi, na hakuna hata kioo kimoja kinachogonga upepo ukivuma. Nikasimama nje, upande wa karo la kunawia mikono, nikatazama ndani kama mwizi.

Kuna beseni la maji na vikombe. Kuna beseni la mchanga. Kwenye pembe kuna duka la maboksi matupu ambalo watoto wawili walikuwa wanagombania nani awe muuzaji, na mwalimu badala ya kuamua kawaambia wakae waelewane kwanza, ndipo duka lifunguliwe. Waelewane! Wana miaka mitano. Karibu na mlango kuna chati ya hali ya hewa, siku ya mvua wanapaka buluu, na nje kwenye ua wameweka chupa ya kukingia mvua, imechorwa mistari ubavuni. Wakatoka wote kwenda kuitazama, wakarudi wakaipaka siku yao rangi, wakaimba, wakanawa mikono kwa foleni, wakaulizana habari. Mtoto mmoja alisimulia jinsi paka wao alivyozaa kwenye kabati la viatu. Hadithi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko penseli.

Nilipima. Tangu kengele ya kuingia hadi ya kutoka, penseli ilikuwa mkononi dakika ishirini. Nyingine zote ni mchanga na paka.

Mwalimu mwenyewe ni msichana mwembamba, sauti ya chini. Wazazi wanamwita Ticha Mchanga kwa sababu ya lile beseni. Binti yangu alikuwa kwenye maji, peke yake, anajaza vikombe na kuvimwaga. Mdomo umefungwa.

Jumatatu, Machi 11

Kasuku ameleta ujumbe wa mdomo: ticha anaomba mama afike. Najua miito hiyo. Wiki iliyopita ilikuwa vifuniko vya chupa, kabla yake maboksi ya sabuni. Sikwenda. Nina madirisha ya zahanati ya kumaliza kabla mvua haijakolea.

Alhamisi, Machi 14

Leo kachukua chupa ya maji ya kunywa, kayamimina kwenye sufuria, kutoka sufuria kwenye jagi, kutoka jagi akayarudisha kwenye chupa. Meza nzima imelowa. Akaniambia, "Mama, ni yale yale. Yanakuwa mafupi, yanakuwa marefu, lakini ni yale yale."

Nikamwambia najua, sasa futa meza. Akafuta vizuri, kwa kweli. Akaanza ukingoni kuja katikati ili yasimwagike chini. Sijui kajifunza wapi, mimi sikumfundisha.

Jumanne, Machi 19

Mvua kutwa. Wateja hakuna, kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na nafasi ya kunichokoza. Anasema mtoto hakupoteza hesabu, kaiweka akiba. Anasema, "Dada, nawe ukinyamaza hata siku moja, mtaa utaleta pole."

Tulikuwa tunapima fremu za zahanati. Kasuku alinishikia tepu kama kawaida. Tepu yangu ncha yake ilikatika zamani, ile ndoano ya mwanzo na sentimita zake kadhaa, kwa hiyo hatuanzii mwanzo. Mwenzako anaweka kidole penye kumi, wewe unasoma mwisho, halafu unatoa kumi. Ukisoma themanini, dirisha lako ni sabini. Mafundi wengi hufanya hivyo hata kwenye tepu nzima, maana ndoano ikilegea inadanganya. Hapa kwetu mwito ni mmoja tu: shika kumi. Kasuku anaujua mwito huo kuliko jina lake la kuzaliwa. Ukisema "shika kumi" kidole chake kimeshafika.

Baada ya kupima nikamwambia, haya, nihesabie hivi vioo vilivyoegemea ukuta. Vilikuwa sita tu. Akanyoosha kidole kwenye cha kwanza, midomo ikafunguka, kisha akakirudisha kidole na kukificha kwapani.

Mdogo wangu aliacha kucheka.

Ijumaa, Machi 22

Ticha kaleta tena, safari hii kwa maandishi. "Mama, nakuomba ufike. Kuna jambo nimeliona kuhusu namba za mtoto. Si baya." Nikamrudishia kwa mtoto yule yule: kama kuna jambo, liandike, nitalisoma. Mchana likarudi jibu: "Haliandikiki. Linaonekana tu, tena nadhani linaonekana kwako zaidi kuliko kwangu."

Haya ni maneno ya mtu asiye na jibu. Fundi akiniambia ufa hauelezeki, najua kaupasua yeye.

Alhamisi, Machi 28

Mkutano wa wazazi. Nilifunga karakana mapema, nikavaa nguo za kwendea watu.

Mwalimu Mkuu alifungua kwa maneno laini kuhusu ushirikiano, halafu akauliza kama kuna mwenye dukuduku. Nadhani aliniangalia mimi. Nikasimama. Sikutukana mtu. Nilitoa vipimo: kwa muda wa saa nne na nusu mtoto yuko chini ya paa lile, dakika ishirini ana penseli. Nikasema mimi nikipewa fremu ya dirisha na nikaweka kioo cha ukubwa wa kiganja, mwenye nyumba atanifukuza, na atakuwa na haki. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Baba mwenye duka la dawa akasema mtoto wa dada yake, shule nyingine, anaandika hadi mia mbili. Mama mmoja akasema wa kwake anarudi na mchanga hadi kwenye masikio.

Ticha akaombwa ajibu. Alisimama ameshika kiti. Akasema mtoto anayeuza kwenye maboksi anajifunza kusema, kusikiliza, kungoja zamu, kutoa na kupokea, na hiyo ni lugha na ni hesabu na ni adabu kwa pamoja. Akasema wanaoitazama chupa ya mvua kila asubuhi wanajifunza kwamba jana si leo na kwamba unaweza kuonyesha tofauti kwa mstari. "Mtoto wa umri huu hana somo la kwanza na somo la pili," akasema. "Anachota maji kikombe kimoja, na humo yamo yote."

Nikasema, "Mwalimu, kikombe hicho binti yangu amekichota, na namba zake zimemwagika."

Ukumbi ulicheka. Nilijisikia vizuri, sina sababu ya kuficha.

Wakapiga kura ya mikono. Kuanzia wiki ijayo daftari, penseli, moja hadi hamsini kila siku, mabeseni yaondoke. Tulipokuwa tunatoka ticha alinisubiri mlangoni. Hakuwa na hasira, na hilo lilinikera zaidi. Akasema, "Mama, nilikuita mara mbili." Nikamwambia nina kazi. Akasema anaelewa, akapisha njia.

Jumanne, Aprili 2

Mabeseni yamefunikwa kifudifudi kwenye ukuta wa nje. Darasa kalichukua mwalimu wa darasa la tatu, mama mtu mzima, mnyoofu, anatembea na rula. Nikapita nikasikia watoto wote wanasema moja, mbili, tatu kwa pamoja, kama mashine iliyotiwa mafuta. Nikatembea hadi karakana nikiwa mwepesi.

Ijumaa, Aprili 5

Kurasa mbili, moja hadi hamsini, mwandiko umenyooka. Nimeubandika ukurasa mmoja ukutani karakanani.

Jumatatu, Aprili 8

Tumbo linamuuma. Nimemgusa, hana homa. Kaenda.

Jumanne, Aprili 9

Tumbo tena. Kaenda.

Jumatano, Aprili 10

Tumbo tena. Mvua kubwa, hata mimi sikutaka kutoka. Kabaki nyumbani, na kufikia saa tano tumbo lilikuwa limepona, anaimba wimbo wa kunawa mikono.

Ijumaa, Aprili 12

Nilidhani ticha amehamishiwa darasa lingine. Kumbe ameachishwa. Mdogo wangu ndiye aliyesikia, kwa mlinzi wa shule: mkataba wake ulikuwa wa muhula kwa muhula, na Mwalimu Mkuu alimsomea muhtasari wa mkutano, na sababu iliyosomwa ni "dakika ishirini." Maneno yangu hayo. Nilikuwa nataka penseli iongezwe. Sikusema mtu aondolewe.

Nimemwambia mdogo wangu hivyo. Akajibu, "Dada, ukishakata kioo, huwezi kukiambia ulikuwa unapima tu." Nikamwambia afagie.

Jumatatu, Aprili 15

Jambo dogo. Saa nne tulikuwa tunataka chai, na karakanani tuliokuwepo ni mimi, mdogo wangu, mchukuzi wa mkokoteni na mteja mmoja aliyekuwa akingoja kioo cha picha. Nikamwambia Kasuku, ambaye leo tena tumbo lilikuwa linauma, atuletee vikombe. Sikumwambia vingapi. Akaenda kabatini, nikamwona anamtazama kila mtu usoni, anatoa kikombe, anamtazama mwingine, anatoa kingine. Akafika mlangoni, akagundua mchukuzi kashaondoka na mkokoteni wake. Akarudi, akakirudisha kikombe kimoja kabatini, akatuletea vilivyobaki. Hakikupungua, hakikuzidi. Akajikumbuka na yeye, akaenda kuchukua cha kwake.

Nikamuuliza, umejuaje? Akasema, "Kila mtu na kikombe chake. Ticha alisema kikibaki kikombe, uliza kuna mtu gani hayupo."

Ukutani kuna ule ukurasa wa hamsini. Nikamwambia anionyeshe sita iko wapi. Akautazama kama mtu anayetazama ukuta.

Alhamisi, Aprili 18

Hii naiandika mchana, karakana nimeifunga, ingawa kuna watu wamegonga.

Upepo wa jana jioni ulivunja madirisha mengi, kwa hiyo tangu asubuhi tulikuwa na foleni. Mdogo wangu alikuwa ametoka kupeleka kioo. Kama saa tatu hivi nikaona fremu ya mbao inaingia mlangoni na miguu miwili chini yake. Fremu ikashuka, nyuma yake alikuwa ticha. Amelowa. Dirisha la chumba alichopanga limevunjika, na akaniambia, bila kunizungusha, kwamba alikwenda kwa mafundi wengine wawili akakuta wamefunga.

Nikamwambia aweke fremu mezani. Mimi nikiwa kazini huwa sina la kusema na mtu, na leo nilishukuru kwa hilo. Nikavuta tepu, nikamsogezea upande wake.

"Shika kumi," nikamwambia.

"Nishike nini, mama?"

"Kumi. Hapo penye kumi, weka kidole. Ncha imekatika. Tunaanzia kumi, mwisho tunatoa kumi."

Aliweka kidole, lakini hakutazama fremu. Alikuwa ananitazama mimi. Akauliza ni nani hunishikia siku zote. Nikasema mdogo wangu, au huyu hapa. Kasuku, ambaye tumbo lilimbakiza nyumbani tena, alikuwa chini ya meza, amejificha tangu aliposikia sauti yake, kama mtu anayeogopa kuwa furaha itamwona.

"Tangu lini?"

"Tangu alipojua kusimama."

Ticha akaachia tepu. Akapiga magoti sakafuni, na sakafu yangu si ya kupigia magoti, nikamkemea kuhusu vigae vya kioo lakini hakusikia. Akaokota vipande vya kadibodi, vile vya kufungia vioo, akavipanga mstari mmoja. Vilikuwa vitano. Hakuuliza ni vingapi. Akamwambia Kasuku tu, "Nipimie."

Binti yangu akatoka chini ya meza. Akaweka kidole kwenye kipande cha kwanza. Na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki zote hizi, nikasikia sauti yake ikitaja namba.

"Kumi," akasema. Kisha kidole kikasogea. "Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne."

Nilifungua mdomo. Ticha akainua kiganja bila kugeuka, nikaufunga.

Akamshukuru, akamwomba amtafutie kadibodi nyingine kule nyuma, na alipokwenda ndipo akaniambia. Wiki ya kwanza alimwita mbele ahesabu vijiti. Akahesabu hivi hivi, na darasa likacheka. Mbele ya wenzake mtoto akanyamaza kuanzia hapo. Lakini ticha aliwahi kusikia kabla ya kicheko, na siku hiyo hiyo baada ya kengele, na siku zilizofuata, alimjaribu wakiwa wawili, kwa vijiti, kwa viatu, kwa viti. Kila mara anaanzia kumi, na baada ya kumi hakosei hata hatua moja. Mtoto anayebahatisha hakosei kwa namna moja kila siku. Akajua kuna kitu nyumbani kinachoanzia kumi, akashindwa kukiwaza. Akaniita.

"Ile ya moja hadi mia ni wimbo," akasema. "Ni wimbo mzuri. Lakini vitu, kuhesabu vitu, alijifunza hapa, kwenye kidole chake. Na mwanzo wa kila kitu hapa ni kumi. Ile kumi mnaitoa nyinyi, kichwani, kimya kimya. Hakuna aliyemwambia."

Ni kweli. Sijawahi kuisema. Anayefanya jambo kila siku halisemi.

"Kwa hiyo alikosea kwa sababu yangu."

"Hakukosea, mama. Alipima."

Nikamuuliza mbona basi hakumsahihisha, mbona alimwacha achezee maji. Akasema angemwambia "si hivyo" angekuwa mtu mwingine wa kumcheka, tena mkubwa. Akamwacha kwenye maji kwa sababu maji hayana kumi. Kikombe kikiwa kitupu, mtoto anaona kwa macho kwamba hakuna kitu. Ukimimina, kimoja. Ukimimina tena, viwili. "Alikuwa anafika," akasema. "Wiki ile ya mkutano alishaniambia kwa sauti, hakuna, kimoja, viwili."

Nikakata kioo chake. Mstari ukaniponyoka, kikapasuka hadi pembeni. Sikumbuki mara ya mwisho. Nikachukua kingine, nikakata, nikakiweka, nikakipigilia, na muda wote huo mvua inapiga bati. Kasuku alikuwa amemkalia miguuni anampangia kadibodi kwa ukubwa.

Alipokuwa anaondoka nilimwambia neno moja, pole. Akasema mimi ndiye wa kupewa pole, mtoto ni wangu. Akainua fremu yake begani, akatoka nayo taratibu, kama nilivyomwelekeza, ili kioo kisilowe kabla gundi haijashika. Kilichonishinda ni hicho: alinisikiliza hata maelezo ya kioo.

Zile dakika ishirini nilizisoma mwisho wa tepu nikazitangaza ukumbini. Sikuuliza kazi ya ticha inaanzia wapi.

Ijumaa, Aprili 19

Nimenunua tepu mpya, ina ndoano. Nikamwambia Kasuku leo tunashika hapa, mwanzo. Akaigeuza geuza. Akauliza, "Kumi imekwenda wapi?" Nikamwambia iko pale pale mbele, ila kabla yake kuna hizi. Akazitazama zile tisa kama wageni waliokuja bila hodi. Lakini anahesabu kwa sauti. Ananihesabia misumari, viatu, wateja. Kumi, kumi na moja. Sijali. Sauti imerudi.

Mchana nikamwona Mwalimu Mkuu. Nikamweleza yote, pamoja na upumbavu wangu. Akasikiliza vizuri sana, akasema ni kisa kizuri. Akasema suala ni la kamati. Nikasema nani anaita kamati. Akasema kuna utaratibu.

Jumatatu, Aprili 22

Nimepigwa kofi bila kuguswa.

Leo asubuhi hakukuwa na tumbo. Alikwenda shule anarukaruka madimbwi, na mimi nilifurahi, na hapo ndipo kosa lilipokuwa, maana alidhani sasa kuhesabu ni salama kila mahali. Mwalimu wa rula alipouliza nani aje mbele ahesabu vijiti, Kasuku alinyoosha mkono. Mwenyewe. Akaenda mbele, akaweka kidole kwenye cha kwanza, akasema kumi, kwa sauti.

Alipigwa rula kwenye kidole hicho hicho. Mara moja tu, na si kwa nguvu, hivyo ndivyo mwalimu alivyoniambia mwenyewe nilipokwenda, hakuficha. Ana watoto arobaini na mmoja. Alidhani anafanya mzaha mbele ya wenzake. Nikamuuliza kama hakuona kwamba baada ya kumi hakukosea. Akanijibu kwa upole, "Mama Vioo, mimi nafuata mliyoyapitisha. Nimeambiwa hamsini, nafikisha hamsini. Wewe si ndiye uliyesema?"



Kasuku yuko hapa chini ya meza. Hana alama yoyote kidoleni, nimekagua. Amekificha kwapani. Safari hii hakunyamaza namba peke yake. Mdogo wangu alimwita, kasuku wangu, leo umeniletea habari gani, na kwa kawaida angejibu na tusi dogo la kitoto. Hakujibu. Nimempa kipande cha mkate, kanyoosha mkono wa kushoto.

Jumanne, Aprili 23

Hajasema.

Jumatano, Aprili 24

Hajasema. Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu, yuko mkutanoni.

Alhamisi, Aprili 25

Nimepita kwa wazazi. Baba wa duka la dawa alinisikiliza huku anapanga chupa, akasema, "Kwani wewe si ndiye uliyetuchekesha?" Nikamwambia ndiyo, na sasa nakuomba usicheke. Akasema wa kwake siku hizi anakojoa kitandani na hawakujua kwa nini. Akakubali kusimama nami. Mama wa mchanga masikioni naye kakubali, anasema kumbe mchanga ulikuwa unaoshwa. Wengine wanne wamesema ndiyo. Wengi wamesema wataona.

Ticha nimempata chumbani kwake, nyuma ya kioo changu. Hajapata kazi, ila shule moja ya mbali inamtaka kuanzia Jumatatu ya Mei 6. Nikamuuliza, ukiitwa utarudi? Akafikiri. Akasema atarudi kwa watoto, na mabeseni yarudi naye. Kisha akasema, "Lakini mimi siwezi kuwangoja bila kujua, mama. Wale nao wanataka jibu."

Ijumaa, Aprili 26

Mwalimu Mkuu leo alikuwepo. Maneno yake: tutaliangalia. Mwisho wa muhula tutafanya tathmini. Wazazi wengi wameridhika. Akafungua muhtasari akanionyesha maneno yangu, yamepigiwa mstari. Nikamwambia maneno ni yangu na nayaondoa. Akatabasamu akasema muhtasari hauondolewi maneno.

Nilipotoka nikapita uani. Ile chupa ya mvua bado ipo. Imejaa hadi mdomoni na inamwagika ubavuni, hakuna aliyeimwaga tangu ticha aondoke, na mistari yake yote iko chini ya maji. Kwenye chati, siku ya mwisho yenye rangi ni ya mwezi uliopita. Nimeimwaga chupa, nikairudisha mahali pake.

Jumapili, Aprili 28

Jua kidogo asubuhi. Niliweka beseni nje ya mlango, nikatia maji, nikaweka vikombe, nikaenda zangu kufua bila kumwangalia. Baada ya muda mrefu nikasikia maji. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Alijaza kimoja, akakimwaga, akakitazama kikiwa kitupu. Midomo ikatikisika. Sikusikia kitu, na sikuuliza.

Jumatatu, Aprili 29

Haya ndiyo niliyoyanakili kwenye karatasi safi na kumkabidhi Mwalimu Mkuu mkononi leo saa mbili, mbele ya baba wa duka la dawa na wazazi wengine watano:

Mwalimu Mkuu, nilisimama kwenye mkutano wako nikatoa kipimo. Kipimo kile kilikuwa pungufu, na fundi akigundua kipimo chake ni pungufu hangoji mwisho wa muhula, anavunja na kuanza upya kwa hasara yake. Mimi nimeshaipata hasara yangu, iko nyumbani na haisemi. Sitaki kusikia neno kamati, wala utaratibu, wala tathmini. Umetumia maneno yangu kumtoa mwalimu kwa siku moja. Kumrudisha hakuhitaji zaidi ya siku hiyo moja.

Mwalimu yule anatakiwa kwingine Jumatatu ijayo, na binti yangu ananitazama kila asubuhi aone nitamshika mkono kumpeleka wapi. Kwa hiyo nataka jibu Ijumaa hii, Mei 3, saa nne asubuhi. Nitakuwa nje ya darasa la chekechea, upande wa karo, kwenye dirisha nililoliweka mwenyewe, na mtoto nitakuwa naye. Usinitumie mtu, usiniandikie. Njoo useme, na useme neno moja.

Anarudi, au harudi?